Jina la Babu

Debre Markos, Tir 20, 1980

Shiferaw mdogo wangu,

Nimeolewa. Nimeliandika hilo kwanza ili ulisome kabla hujapata nafasi ya kutunga udhuru mwingine. Ilikuwa Jumapili, tarehe 15 ya mwezi huu wa Tir, mbele ya watu wote isipokuwa wewe. Mama alikuwekea kiti. Kilikaa kitupu hadi jioni, mwishowe wakakiwekea mtungi wa pombe.

Lakini sitaki kukugombeza leo, nina furaha mno. Mume wangu anarudi kutoka kwenye mashine ya kusaga akiwa mweupe kuanzia nywele hadi viatu, kope zake zimebeba unga wa teff, na akinitazama hivyo nasahau nilichokuwa nafanya. Jana niliunguza injera mbili. Akazila zote mbili, akasema ni tamu. Mtu anayekula injera iliyoungua na kukushukuru, unataka nini tena duniani? Unakumbuka nilivyokuwa napeleka nafaka mashineni kila mara, hata ghala la Mama likaanza kulalamika? Siku moja akaniuliza, "Dada, huu unga mnaula au mnaogea?" Nikajua nimeshapatikana.

Na jina lake. Yeye Shiferaw Desta, wewe Shiferaw Desta. Wazee walipokaa kuhesabu mababu saba wa kila upande, wahakikishe hatuna damu moja, padri alisikia kwamba Shiferaw wa Desta ana dada, na Shiferaw wa Desta anamwoa Yeshimebet wa Desta, akaweka kalamu chini. "Jamani, mnaniletea dhambi gani hii?" Ikabidi Mama ataje jina la babu: sisi ni Desta wa Ayalneh, wao ni Desta wa Tiruneh. Baraza zima lilicheka.

Sasa nina Shiferaw wawili. Mmoja ananipenda. Mwingine hata pongezi hajaandika.

Dada yako,
Yeshimebet


Addis Ababa, Tir 29, 1980

Dada Yeshi,

Hongera. Nilikuwa na mitihani. Chuo kikuu hakisimamishi mitihani kwa sababu ya harusi ya Debre Markos.

Umeniandikia ukurasa mzima wa unga. Ulimaliza darasa la kumi na mbili, ulikuwa unasoma vitabu vya watu wazima ukiwa unachunga jiko, halafu umeenda kujifunga kwa mtu aliyeishia la sita. Na kati ya majina yote ya mkoa wetu wa Gojjam akachagua langu. Mwambie alitunze.

Wiki iliyopita niliandika insha juu ya vita vya kaskazini. Mhadhiri aliisoma mbele ya darasa. Nakunakilia kidogo, labda utakumbuka kwamba kuna mambo mengine duniani zaidi ya kope za mumeo:

"Watu husema vita ni vipofu. Si kweli, vinaona vizuri sana. Vinaruka dawati na kutua shambani. Mwenye kalamu vinampa cheo, asiyekuwa nayo vinamchukua miguu. Hata majina yetu yamejiandaa: Shiferaw, maana yake elfu wamemwogopa. Mtoto anapewa jina la vita kabla hajaota jino, halafu tunashangaa anapoitwa."

Mumeo yuko upande wa pili wa insha hiyo, dada. Hilo ndilo ninalolisikitikia, siyo injera zako.

Barua usizitume tena chuoni, posta yao inachelewesha. Tumia anwani ya duka la Bwana Gizaw, soko la Merkato.

Shiferaw


Debre Markos, Yekatit 12, 1980

Wewe msomi,

Barua yako nilimsomea mume wangu, yote, hata pale ulipomtukana. Nilitaka akasirike ili nisiwe peke yangu. Alikaa anajipangusa unga mikononi, kisha akauliza, "Huyu shemeji ameshamwona mtu aliyerudi?"

Nikamwambia sidhani.

Akasema, "Kuna Bwana Lakew, anakuja kusaga kila Jumamosi. Alirudi na mkono mmoja. Gunia anafunga kwa meno, na hataki kusaidiwa. Mwambie shemeji aandike habari za meno hayo pia, insha yake itanoga." Kisha akanibusu kwenye paji la uso akaniachia alama ya unga, na sikuipangusa mpaka jioni. Ndiyo, nakuandikia hilo makusudi ili uudhike.

Sasa nikukumbushe jambo. Nilifaulu miaka miwili kabla yako, na alama zangu zilizidi zako. Baba alikuwa amekufa, Mama hawezi kuiendesha nyumba peke yake, ikasemwa mmoja atakwenda na mmoja atabaki. Sikulia. Nilikufungia sanduku. Dawati linalokuokoa katika insha yako nililiachia mimi. Kwa hiyo usinifundishe nani anapata nafasi na nani anakosa. Mimi nilibaki, nikapata mtu wa kunishukuru kwa injera iliyoungua. Wewe ulikwenda, na hujawahi kunishukuru hata kwa sanduku.

Tuko kwenye mfungo. Nakuombea kwa shida.

Yeshimebet


Debre Markos, Yekatit 25, 1980

Shiferaw,

Wamemchukua.

Jana asubuhi watu wa kebele, ofisi ya mtaa wetu, walikuja mashineni na orodha ya wanaokwenda jeshini. Watu walikuwa kwenye foleni na magunia yao. Karani wa kebele, Bwana Mekuria, akasoma: "Shiferaw Desta." Na mume wangu, Mungu wangu, mume wangu akaitika. "Abet." Kwa adabu, kama mama yake alivyomfundisha, kama anavyoniitikia mimi nikimwita mezani. Bwana Mekuria akasema, "Ameitika. Twende." Hakuruhusiwa hata kuzima mashine. Bwana Lakew ndiye aliyeizima, kwa mkono wake uliobaki.

Padri wetu alitaka mababu saba ili niolewe. Kebele hawakuuliza hata mmoja.

Nilimfuata Bwana Mekuria ofisini nikashika meza yake. Mwishowe akanigeuzia karatasi: "Shiferaw Desta, amemaliza darasa la kumi na mbili." Nikamwambia mume wangu ameishia la sita, anaandika jina lake akitoa ulimi. Akasema, "Basi ni yule mdogo wako." Nikamwambia mdogo wangu yuko chuo kikuu, na wanafunzi wa chuo hawachukuliwi. Akafikiri, akasema, "Lete karatasi ya chuo kwamba anasoma. Tukiona anasoma, tutajua jina liliandikwa kimakosa, hatutamtaka yeye wala huyu."

Kwa hiyo, karatasi moja tu. Nenda kwa msajili, wakugongee muhuri, nitumie kwa basi la kwanza. Wamempeleka kambi ya mafunzo, mwendo wa siku moja kutoka hapa. Mambo tuliyoandikiana nimeyafuta yote. Nakuomba, mdogo wangu. Nguo zake bado zina unga, sijazifua.

Yeshi


Addis Ababa, Megabit 6, 1980

Dada,

Pole. Nimesoma.

Karatasi si jambo la siku moja. Msajili amesafiri. Msaidizi wake anataka picha mbili, na mpiga picha ana foleni. Unadhani ofisi za hapa ni kama mashine ya kusaga, unamimina juu inatoka chini?

Na ukitulia utaona kwamba haya si msiba. Jeshini wanafundisha kusoma. Wanafundisha kuendesha gari. Nimeeleza kwenye insha: wapo watoto wa wakulima ambao wasingetoka kijijini kamwe kama si vita, na leo wanaamrisha watu. Mumeo angesaga unga mpaka mapafu yake yazibe. Labda amepata shule ambayo hakuwa nayo. Wewe unayelilia nafasi uliyoikosa ungepaswa kuwa wa kwanza kuelewa.

Usiende kwa Bwana Mekuria kila siku. Unamchosha, na mtu aliyechoka anauliza maswali mengi. Ningoje.

Shiferaw


Debre Markos, Megabit 17, 1980

Shiferaw Desta wa Ayalneh,

Nimekuandika jina lote ili kusiwe na makosa kati yangu na wewe.

Binti wa Mama Tsige, jirani yetu, alirudi juzi kutoka chuoni kwenu kumwuguza mama yake. Nilimkimbilia na mikono yenye unga nikamuuliza kama amekuona kwa msajili. Akasema, "Dada Yeshi, si aliondoka? Kitanda chake kinalaliwa na mtu mwingine tangu Tir. Alifeli muhula wa kwanza. Wenyewe wanawaita wahitimu wa Krismasi." Alidhani najua. Alikuwa anacheka kidogo, halafu akaacha.

Kwa hiyo hakukuwa na mitihani siku ya harusi yangu. Hakuna mhadhiri aliyesoma insha mbele ya darasa. Kuna wewe, nyuma ya duka la Bwana Gizaw, unapanga sabuni na kuniandikia nani anastahili kufa.

Chuo kilipokutoa, jina lako lilirudi kebele. Jina lako, Shiferaw. Ulijua jina kwenye orodha ile ni lako tangu nilipokuandikia kwamba wamemchukua, ukaniambia msajili amesafiri. Ukaniambia jeshini wanafundisha kuendesha gari. Mimi kila jioni naweka sahani mbili.

Nilimtembelea kambini siku ya Jumapili. Hawakuniruhusu kumgusa. Amenyolewa, na kope zake ni nyeusi. Niliishi naye siku arobaini tu na sikuwahi kuziona nyeusi hivyo mchana. Akaniuliza, "Karatasi ya shemeji imefika?" Nikasema iko njiani. Nilimdanganya mume wangu kwa ajili yako.

Nakupa mpaka Fasika, tutakapofungua mfungo wa Pasaka. Njoo mwenyewe, kwa miguu yako, useme wewe ndiye. Usipokuja, nitakwenda kwa Bwana Mekuria nitaje jina la babu. Usinijibu kwa insha.

Yeshimebet


Addis Ababa, Megabit 22, 1980

Dada,

Hakuna insha. Karatasi ya matokeo niliikunja nikaiweka kwenye kiatu. Ningekuja vipi kukaa kwenye kile kiti alichoniwekea Mama? Watu wangesimama kunipongeza.

Uliyoandika ni kweli, na nakuchukia kwa namna ulivyoyaandika. Sanduku nililikumbuka kila siku. Ulikuwa umeweka leso zangu chini na vitabu juu ili nivione kwanza. Nilifeli nikiwa navyo vyote.

Nakwenda. Kesho napanda basi moja kwa moja hadi kambini, sipiti nyumbani. Nimeulizia kwa mtu anayejua: anayejitokeza mwenyewe na amemaliza la kumi na mbili wanamwandika kwa hiari, na wa namna hiyo wanawafundisha simu ya upepo. Anakaa nyuma na mashine yake. Anayetajwa na kebele kwamba amejificha wanamwandika mtoro, na mtoro anapewa bunduki na kwenda mbele na wa kwanza. Tofauti ni hiyo tu, nani alitangulia kusema.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja, na sijawahi kukuomba kitu. Nyamaza. Usimwambie Bwana Mekuria, usimwambie padri, usimwambie Mama. Nikishaandikwa mimi, wao wenyewe wataona wana Shiferaw Desta wawili na darasa la kumi na mbili ni moja. Watamwachia wako. Niache nifike kwa miguu yangu, kama ulivyosema.

Mwambie asinisamehe haraka. Sijui kusamehewa na mtu anayetoa ulimi akiandika.

Shiferaw


Debre Markos, Megabit 23, 1980

Shiferaw,

Mke wa dereva wa kambi anasema wanawahamisha kwenda kaskazini kabla ya Fasika. Sikuweza kungoja. Asubuhi hii nimekwenda kwa Bwana Mekuria.

Nimelitaja. Shiferaw Desta Ayalneh, duka la Bwana Gizaw, Merkato. Akaniuliza, "Amejificha?" Nikasema ndiyo. Akaandika, akaniomba niweke sahihi, nikaweka. Mwandiko wangu mzuri uleule ambao Baba alikuwa anawaonyesha wageni.

Ulikuwa na mwezi mzima. Usinilaumu.

Yeshimebet


Debre Markos, Miazia 7, 1980

Mdogo wangu,

Amerudi. Alhamisi kabla ya Fasika nilikuwa napeta teff uani nikasikia mtu anasema, "Dada, huu unga mnaula au mnaogea?" Nilidondosha ungo. Teff ikamwagika yote, unajua punje zake zilivyo ndogo, hadi leo kuku wanaziokota. Nilimwosha miguu. Ina malengelenge makubwa kama shilingi. Nililia juu ya miguu yake nikacheka juu ya miguu yake. Siku ya Fasika tulikula mchuzi wa kuku, akanilisha kwa mkono wake mara tatu, Mama akaona haya akageuka. Leo amerudi mashineni. Ni mweupe tena. Ninaandika haya na moyo wangu umejaa hadi unaniuma, na sina haki.

Barua yako ya Megabit 22 ilifika Megabit 29. Nilikuwa nimeshaweka sahihi siku sita kabla.

Nilikimbia kwa Bwana Mekuria nikamwambia nimekosea, hukuwa umejificha, ulikuwa njiani. Akasema, "Mama, wewe mwenyewe ulisaini." Akafungua faili akanionyesha, kana kwamba ningesahau mwandiko wangu. "Karatasi imeshakwenda kambini. Mumeo si amerudi? Nenda kasage."

Mume wangu ananiuliza ilikuwaje akaachiwa. Nimemwambia shemeji alijitokeza. Ni kweli. Akasema, "Basi nilimwona. Alishuka kwenye basi na viatu vya mjini, akauliza ofisi iko wapi. Nilimwonyesha kwa mkono. Sikujua ni yeye." Sasa kila akisikia mtu anaita jina lake mtaani, haitiki. Ananiangalia kwanza.

Sijamwambia nusu ya pili. Mama naye hajui, anawaambia watu mwanawe anasomea simu ya upepo. Niambie ni kweli. Niambie karatasi yangu ilichelewa. Nimekufulia leso nyingine sita, zitakuja na dereva wa kambi. Nitukane ukitaka, lakini andika.

Dada yako,
Yeshi


Kaskazini, Ginbot 11, 1980

Yeshimebet,

Karatasi yako haikuchelewa.

Nilifika Megabit 24. Karani wa kambi alifurahi kupata mtu wa la kumi na mbili, akaniandika kwenye orodha ya simu ya upepo, akanipa hata penseli. Nilikaa darasani siku nne. Nilikuwa nafaulu. Siku ya tano aliniita, mbele yake kuna barua ya kebele. Alinionyesha sahihi ya shahidi. Niliijua kabla sijaisoma, nilijifunza kuandika kwa kuiga mwandiko huo. Akaniomba nimrudishie penseli yake.

Umeitaja insha yangu mara nyingi kwa kejeli, basi nikupe iliyobaki. Hapa kikosini tuko thelathini na mmoja, tunaojua kuandika ni wanne. Kila jioni kabla ya jua kuzama nawaandikia wenzangu barua. Wote wanataka sentensi ileile: "Mama, nimenenepa." Watu ambao mikanda yao nimeitoboa mashimo mapya mwenyewe. Wiki iliyopita niliandika barua tatu, wenyewe wakaniambia watakuja kuweka dole gumba asubuhi. Asubuhi hawakuwepo. Barua ninazo. Sijui kama nizitume, kwa sababu hakuna cha uongo ndani yake isipokuwa kunenepa. Hiyo ndiyo nafasi niliyoandika habari zake nikiwa nyuma ya sabuni za Bwana Gizaw. Mumeo aliuliza kama nimeshamwona mtu aliyerudi. Mwambie bado. Nimewaona wanaokwenda tu.

Furaha yako niliisoma yote. Niliisoma mara mbili, na mara zote mbili nilitaka kuichana. Sikuichana, maana karatasi ni adimu na nyuma yake palikuwa peupe. Nimeandikia hapo barua ya mtu wa Wollo.

Leso hazikufika, au zilifika zikachukuliwa na mwingine. Kosa ni lako. Usiandike tena "Shiferaw Desta" peke yake juu ya bahasha. Hapa tuko watatu wenye jina hilo, na likiitwa tunaitika wote. Weka na jina la babu. Wewe unajua kulitaja.

Shiferaw Desta Ayalneh